Kibao Alichokiacha Mwizi

Mashua mpya ilitoweka asubuhi ya mashindano ya uvuvi, na aliyegundua ni binti wa Fundi mwenyewe. Alifungua mlango wa nyuma wa karakana saa kumi na mbili na nusu, mswaki ukiwa bado mdomoni, akatazama mteremko unaoshuka majini, akaona stendi tupu. Mswaki ukaanguka. Ukelele alioupiga uliwaamsha watu hadi ng'ambo ya ziwa, ingawa hilo si jambo la kujisifia sana, maana ziwa letu ni dogo.

Tuelewane kuhusu ziwa hili kabla hujalicheka. Halina mto unaotoka, na sehemu nyingi maji yanamfika mtu mzima kiunoni tu. Wageni huja, wakaona wanaume na ndevu zao wamesimama katikati ya ziwa wanavua kwa fimbo, wakaangua kicheko. Haya, chekeni. Ziwa hilohilo linalisha mitaa miwili. Watoto wetu wamejifunzia kuogelea humo na hatujampoteza hata mmoja. Kila mwisho wa wiki watu wa mjini wanakuja kupigwa na upepo wake, na wakirudi kazini wanakuwa na sura za kibinadamu kidogo. Na mashua zake za mbao, ndugu yangu, usizilinganishe na kitu. Zote zimetoka karakana moja, ya Fundi.

Mashua iliyopotea ndiyo iliyokuwa zawadi ya mshindi. Jana yake jioni mwenyekiti wa chama cha wavuvi alileta kibao cha shaba kilichochorwa maneno haya: KAZI YA MKONO WA FUNDI. Kilifungwa nyuma ya mashua kwa skrubu nne, watu wakapiga makofi, Fundi akaitikia kwa kichwa, kila mtu akaenda zake. Mashua ikabaki nje juu ya stendi. Kwetu mashua hailindwi. Nani aiibe, na akishaiiba aende nayo wapi?

Kituo chetu cha polisi kina inspekta mmoja, naye ni mwanamke aliyezaliwa hapahapa ziwani. Wote tunamwita Shangazi, hata wale aliowahi kuwafunga. Alifika na sajenti wake, mtu mnene mwenye buti zinazong'aa kiasi kwamba anaweza kujitazama humo akinyoa ndevu. Shangazi hakumsalimu mtu. Alizunguka stendi taratibu, kisha akachuchumaa.

"Sajenti, unaona nini?"

"Naona hakuna mashua, Afande."

"Tazama tena. Magogo haya."

Karibu na stendi kulikuwa na magogo ya kuviringishia mashua hadi majini. Yalikuwa yametumika, maana yalikuwa na tope bichi la alfajiri hiyo. Lakini yalikuwa yamepangwa pembeni kwa unadhifu, manene chini na membamba juu.

"Mwizi gani anayepanga magogo?" Shangazi aliuliza.

"Mwizi aliyelelewa vizuri," Sajenti alijibu.

"Na hiki je?"

Juu ya stendi, kikiwa kimelazwa kifudifudi, kilikuwapo kile kibao cha shaba. Skrubu zake zote nne zilikuwa zimewekwa juu yake. Shangazi alikigeuza. Kuzunguka kila tundu la skrubu kulikuwa na mikwaruzo mingi, ile inayoachwa na bisibisi inapoteleza, ikarudishwa, ikateleza tena.

"Amechukua mbao, akaacha shaba," Sajenti alisema. "Huyu ni mwizi mjinga."

"Au hakuja kuiba," Shangazi alisema, akakitia kibao mfukoni.

Waliingia karakana. Fundi ni mrefu, akipita mlangoni huinama. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Binti yake, ambaye anamfika baba yake kifuani, alikuwa akimimina chai huku macho yamemwiva kwa kulia.

"Pole, Mzee," Shangazi alisema. "Alfajiri hukusikia kitu?"

"Usingizi wa uzee, mwanangu. Ukija, unakuja mzima mzima."

"Baba, chai," binti alisema.

"Sitaki."

Shangazi aliinua nyusi. Fundi huyu tunamjua; birika likikaa mbele yake halirudi jikoni na kitu. Lakini mtu aliyeibiwa anaweza kukosa hamu ya chai, hilo halishangazi. Shangazi akapokea kikombe chake yeye, akaegemea meza ya kazi, nusura aanguke. Meza ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Aliinama kuitazama miguu ya meza, akaona imekatwa kwa msumeno, na sehemu zilizokatwa bado zilikuwa nyeupe.

"Meza mmeipunguza?"

"Ilikuwa inayumba," Fundi alijibu haraka.

Kabla Shangazi hajasema zaidi, Mwenyekiti aliingia akihema, kofia mkononi. Ni mtu mwema, ila akiwa na wasiwasi husema yote yaliyo kichwani mwake bila kuchuja.

"Fundi, nimekwisha! Saa kumi jioni tunapima samaki na kutoa zawadi. Nikiwa sina mashua, itabidi nichukue boti ya plastiki. Tena ngoja, sijamaliza. Kamati inataka kuagiza mashua kumi na mbili za kutembezea wageni. Nilitaka kutangaza leo kwamba kazi ni yako. Sasa wenzangu wananiuliza, karakana iliyoshindwa kulinda mashua moja, kumi na mbili itaziweza? Isipoonekana kufikia saa kumi, kazi inakwenda kwa yule mwingine."

Binti aliweka birika chini. "Tukikosa kazi hiyo, tunafunga," alimwambia Shangazi. "Tangu hizo za plastiki zije hatujapata mteja mwingine. Karakana ya babu yangu itageuzwa ghala la mabata."

Fundi aligeuka haraka. Alitazama dirishani kama aliyepigwa kofi.

Mabata hayo yana mwenyewe. Ni bwana mmoja tuliyempa jina la Plastiki, mwenye boti za kukanyaga kwa miguu zenye umbo la bata, njano tupu, mdomo mwekundu. Jana, mbele ya watu, alisema maneno ambayo asubuhi hii kila mtu aliyakumbuka: "Mashua ya mbao ni ya makumbusho. Hiyo yenu haimalizi wiki." Shangazi alipofika gatini kwake alikuta vijana wameshamzunguka, wawili tayari wameshika shingo ya bata mmoja wakitaka kuivunja.

"Mwacheni bata," Shangazi alisema. "Yeye hajaiba kitu."

Vijana walimwachia bata. Plastiki alikuwa amekaa kwenye ngazi, jasho linamtiririka.

"Shangazi, wanataka kuniua kwa sababu ya mdomo wangu!"

"Mdomo wako ulikuwa lazima ukuponze siku moja. Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa nagundisha mkia wa bata uliovunjika. Mwulize mke wangu, alinishikia taa, na muda wote alikuwa ananisema. Hajaninyamazia hata kidogo, ni shahidi kamili huyo."

Mke wake, aliyesimama nyuma, alijibu bila kuulizwa. "Kweli nilimsema. Na bado sijamaliza."

"Unaitaka kazi ya mashua kumi na mbili?" Shangazi aliuliza.

"Naitaka. Nani asiyeitaka? Lakini nikiiba mashua ya Fundi nitaiweka wapi, chini ya kwapa? Simama hapo uone. Ziwa lote liko wazi!"

Ni kweli. Kutoka gati lile unaliona ziwa zima, ukingo kwa ukingo, na hakukuwa na mashua yoyote isiyojulikana. Sajenti alikuwa amelizunguka lote kwa pikipiki. Tope la ukingoni lilikuwa laini, lingeonyesha hata nyayo za kuku. Hakukuwa na alama ya gari, mkokoteni, wala mashua kuburutwa kwenda nchi kavu.

Shangazi akatoa kibao mfukoni, akamwonyesha. "Hiki umekifungua wewe?"

Plastiki alikisoma, uso ukamkunjamana. "Ningekifungua mimi, Shangazi, kingekuwa chini ya ziwa sasa hivi. Nimechoka kulisikia jina hilo. Watoto wangu wenyewe wakipanda bata wanasema lingekuwa la Fundi lingekimbia." Alifuta jasho usoni. "Marehemu baba yangu alivua kwa mashua ya Fundi maisha yake yote. Mimi natamba tu. Kuiba siwezi."

Shangazi alimwamini. Mtu mwenye chuki na jina hatazikusanya skrubu za jina hilo zisipotee.

"Basi ni Risasi," Sajenti alisema walipokuwa wanaondoka. "Nilitaka kumtaja tangu mwanzo."

Risasi alikuwa bingwa wetu wa uvuvi hadi mwaka jana, alipopimisha kambare mzito kupita kiasi, mzee mmoja akamtikisa yule kambare, na kitu kikagongana tumboni. Vilitoka vipande vya risasi, vile vya kuzamishia mshipi. Alinyang'anywa kikombe na hilo jina akabaki nalo. Mwaka huu alikuwa amesamehewa, akaapa kwamba ameokoka na risasi. Lakini mwuza chambo alimwona alfajiri, kabla jua halijachomoza, akitoka upande wa matete na upondo, ule mti wa kusukumia mashua, begani.

Walimkuta majini hadi kiunoni, anavua na wenzake.

"Njoo ukingoni, Risasi."

"Shangazi, samaki wanauma!"

"Na mimi nauma. Njoo."

Alikuja akivuta miguu.

"Alfajiri ulikuwa matete unafanya nini?"

"Nani, mimi? Nilikuwa nimelala."

"Umeonekana."

"Basi nilikuwa natembea. Daktari ameniambia nitembee."

"Na upondo begani?"

"Ni... kwa ajili ya mgongo."

Sajenti alishindwa kujizuia, akacheka. Shangazi hakucheka. "Mashua imeibiwa alfajiri. Wewe ulikuwa majini alfajiri, unadanganya, na mwaka jana ulidanganya. Nikikupeleka kituoni sasa, mashindano yako yamekwisha. Na kule gatini kuna vijana wanatafuta mtu wa kumpiga. Chagua."

Risasi alitazama maji, akatazama fimbo yake, akashusha mabega. "Nilikwenda kutupa chambo. Ugali wa jana na minyoo. Nilitaka samaki wapazoee mahali pangu kabla ya saa ya kuanza."

"Na sheria inasema nini?"

"Inasema hairuhusiwi," alijibu kwa unyonge. "Lakini mashua sijaigusa, Shangazi. Haki ya Mungu. Sikumwona hata mtu. Nilimsikia tu yule aliyekuwa analoweka mashua yake pale kona ya matete."

Shangazi alisimama kabisa. "Ulisikiaje?"

"Si mawe? Yalikuwa yanashushwa majini, moja baada ya jingine. Taratibu sana, bila kurusha. Nikasema moyoni, huyu anaipenda mashua yake kama mke."

"Na asubuhi yote watu wanatafuta mashua, hukusema?"

"Mtu akiloweka mashua, hiyo nayo ni habari?"

Hapo hatumlaumu. Kwetu si habari. Mashua ya mbao ikikaa juani hukauka, mbao zikasinyaa, nafasi zikafunguka kati ya ubao na ubao. Basi mwenyewe huipeleka kona ya matete, akaijaza mawe, akaizamisha siku moja au mbili. Mbao zikinywa maji huvimba na kubanana zenyewe, mashua ikatoka haivuji. Baba zetu walifanya hivyo, nasi tunafanya. Wakati wowote kuna mashua kadhaa zimelala chini ya yale maji ya rangi ya chai, na hakuna anayeziangalia. Asubuhi ile ziwa zima tulitafuta mashua juu ya maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria chini.

Shangazi alikuwa tayari anatembea. "Sajenti, leo ni siku ya mashindano. Kila mwenye mashua anaihitaji, asiyevua anakodisha. Nani anaizamisha yake leo?"

"Hakuna, Afande."

"Umeona sasa."

Kwenye kona ya matete alivua viatu, akakunja suruali juu ya magoti, akaingia. Sajenti alitazama buti zake, akaamua kulinda ukingo. Macho hayasaidii mahali pale, kwa hiyo Shangazi alitafuta kwa nyayo. Ya kwanza aliyoikanyaga ilikuwa na utelezi wa majani ya maji, ya siku nyingi. Ya pili nayo ilikuwa ya utelezi. Akasogea kuelekea matete mazito, akagusa ubao laini, safi, ambao rangi yake bado ilikuwa na mguso wa upya. Aliinama maji yakamfika kidevuni, akapapasa ndani. Mawe yalikuwapo, yamepangwa katikati na pembeni ili uzito ulingane. Na chini ya mawe, kati ya jiwe na ubao, mkono wake ulikuta kitambaa kigumu. Magunia. Yalikuwa yametandikwa vizuri ili mawe yasikwaruze sakafu.

Alikaa hivyo kidogo, kidevu majini. Alijua sasa, na hakufurahi. Alifurahi mashua kupatikana, ndiyo, lakini moyo ulimuuma kwa yaliyobaki. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine nguo yenyewe ndiyo uipendayo kuliko zote.

"Usimwambie mtu yeyote," alimwambia Sajenti alipotoka. "Hata Mwenyekiti. Kaa hapa hadi nikuite."

Saa nane mchana aliingia karakana peke yake, nguo zikichuruzika maji, akafunga mlango kwa komeo. Fundi alikuwa palepale dirishani, mikono palepale mifukoni. Binti alikuwa anafagia vumbi la mbao.

"Mashua nimeipata," Shangazi alisema. "Iko kona ya matete. Imelowekwa."

Fagio lilisimama. Binti alimgeukia baba yake, mara moja tu, kisha akatazama chini. Alipoinua uso alikuwa ameshaamua.

"Ni mimi, Shangazi."

"Wewe uliyepiga ukelele ukaamsha mji?"

"Nilijifanya. Nilitaka... niliona ina kasoro. Nikaogopa aibu. Nikaamka alfajiri, nikaishusha."

"Peke yako?"

"Kwa magogo ni rahisi."

"Ukaizamisha kwa mawe."

"Ndiyo."

"Chini ya mawe uliweka nini?"

Binti alisita. "Chini ya mawe? Niliyatia tu. Nilikuwa na haraka."

"Aliyeizamisha hakuwa na haraka," Shangazi alisema kwa upole. "Alitandika magunia kwanza. Na kabla ya hapo alifungua kibao." Akakiweka juu ya meza ile fupi. "Nimekuwa nikijiuliza tangu asubuhi kwa nini mwizi aliacha kitu pekee cha kuuza. Jibu ni kwamba ugomvi wake haukuwa na mashua. Mashua aliipenda. Ugomvi wake ulikuwa na haya maneno. Tazama mikwaruzo. Mkono wako, binti, usingeteleza hivi hata gizani, maana mkono wako ndio uliojenga ile mashua."

"Si kweli! Ni Baba aliyejenga!"

"Kwa meza hii? Urefu wa baba yako huu, angefanya kazi hapa siku mbili mgongo ukamkatika. Meza imekatwa ikufae wewe."

"Shangazi, nakuomba..."

"Mwache," Fundi alisema.

Alitoa mikono mifukoni. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, na hakuizuia. Tangu lini hatujaiona mikono ya mtu tunayeishi naye? Hilo ni swali letu wenyewe, na halitupi sifa.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Mikono ilianza mwaka juzi. Ubao wa kwanza nilioharibu, mwanangu aliuchoma usiku ili nisiaibike. Akaniambia, Baba, wewe kaa uniambie, mimi nitafanya. Mwanzo nilimwambia. Baadaye nikaona sina la kumwambia. Mashua hii, Shangazi, sikugusa hata msumari wake. Na ni bora kuliko zangu zote. Ina mkunjo pale mbele ambao mimi nimeutafuta maisha yangu yote nikaukosa. Yeye ameupata mara ya kwanza!"

Sauti ilimpanda, na chini ya aibu yake yote ulisikia fahari.

"Kwa nini hukusema?"

"Jana nilitaka. Walipokifunga kile kibao nilifungua mdomo. Watu wakapiga makofi, mdomo ukafunga. Kiburi, mwanangu, ni nini kingine? Sikulala. Alfajiri nikaenda kukiondoa tu, basi. Nilipokiondoa nikaona asubuhi watakirudisha. Nikasema, mashua isionekane hadi wageni waondoke, kesho nitaiibua. Habari ya zile kumi na mbili nimeisikia hapa hapa, pamoja nanyi. Nikataka kusema. Kila nikichelewa, kusema kukazidi kuwa kugumu."

"Na Plastiki nusura apigwe," Shangazi alisema.

"Najua. Hilo ndilo linaloniumiza."

Binti alikuwa analia. "Nani angenunua mashua ya msichana, Baba? Jina ni lako. Nilitaka lisianguke."

"Na mimi nikawa nakuficha nyuma yake."

Shangazi alivuta kigoda akakaa. "Mimi watu wakija kituoni huniuliza inspekta yuko wapi. Miaka yote hii bado wananiuliza. Mwanzo niliwaonyesha ofisi wakasubiri humo mwanaume aje. Siku hizi nasema, ni mimi." Aliwatazama wote wawili. "Nyinyi mna kiburi cha aina moja, ndiyo maana mmegongana. Sikilizeni. Mwenye mashua ni chama, na chama kikitaka kushtaki, nitaandika kesi, Mzee, sitakuficha. Lakini kwanza kuna watu wengi pale gatini, na mtu mmoja aliyesingiziwa mbele yao. Yaliyotokea mbele ya watu yarekebishwe mbele ya watu. Utakwenda mwenyewe au nikupeleke?"

Fundi alivua aproni. "Nitakwenda mwenyewe."

Saa kumi samaki walikuwa wameshapimwa. Mshindi alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke ambaye mwaka jana hakupata hata dagaa mmoja. Risasi hakupimiwa, alikwenda mwenyewe kwa waamuzi kusema habari za ugali na minyoo, na tulishangaa sana. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya bata mmoja wa njano, uso umemsawijika, kipaza sauti mkononi, wakati Fundi alipopita katikati ya watu akakichukua.

Kilitetemeka pamoja na mkono wake hadi kikakwaruza masikioni. Akakiacha, akasema kwa sauti yake tu.

"Tazameni mikono hii. Itazameni vizuri. Haijashika randa tangu mwaka juzi. Mashua mliyoitafuta leo niliificha mimi. Iko kona ya matete, nimeiloweka. Yule bwana mwenye mabata hana kosa." Akamgeukia Plastiki. "Nisamehe, kijana wangu. Nilikaa kimya wakikutukana. Haukuwa uungwana."

Plastiki akainua mkono juu, kwamba yamekwisha.

"Na aliyejenga mashua ile si mimi," Fundi aliendelea. "Ni huyu hapa, binti yangu. Kazi yote, ubao hadi ubao. Nimejenga mashua za ziwa hili zima, nanyi mmenisifu mpaka nikaziba masikio. Sasa nawaambia mimi mwenyewe niliyesifiwa. Huyu amenipita."

Watu walitazamana. Kisha mwalimu wa hesabu akasema, "Niileteeni basi niione!" na watu wakacheka, na kicheko hicho kikatuokoa wote.

Mwenyekiti alimvuta Shangazi pembeni. "Sasa mimi nimeibiwa au sijaibiwa?"

"Hujaibiwa, Mwenyekiti. Umelowekewa."

"Nimshtaki?"

"Mashua ni ya chama. Mnaamua nyinyi. Kaioneni kwanza."

Tuliibua mashua ile sisi wenyewe, wanaume kwa wanawake, majini hadi kiunoni, tukipokezana mawe. Plastiki naye aliingia, na viatu. Maji yalipotolewa kwa ndoo, mashua ilipanda juu polepole ikatulia. Mwenyekiti alipapasa sakafu, akatafuta mahali panapovuja, akakosa. Hakuna tone lililokuwa linapenya. Kutwa moja ya kulowekwa na Fundi ilikuwa imeimalizia kazi. Akapitisha kiganja pale mbele, penye ule mkunjo, akakirudisha, akapitisha tena. Wajumbe wa kamati walikuwa wamesimama majini nyuma yake, suruali zimekunjwa.

"Kesi gani?" alisema hatimaye. "Zile kumi na mbili, nataka zote ziwe na hiki kitu hapa mbele. Kama kilivyo. Utaweza?"

Hakuwa anamwuliza Fundi. Binti alitazama mashua, si Mwenyekiti. "Nitaweza. Ila sitaki kuharakishwa."

Tulipiga makofi mpaka ndege wakaruka kwenye matete.

Mwalimu wa hesabu alipanda, akakaa katikati, akang'ang'ania kingo kwa mikono yote miwili. Mashua ilikuwa bado imenasa kidogo kwenye tope. Binti aliingia majini upande wa mbele, akashika pua ya mashua, akapima kwa jicho.

"Baba, kamata nyuma," alisema. "Usiinue. Sukuma tu nikikwambia."

Fundi aliingia majini na suruali yake nzuri, akaweka mikono yake yote miwili kwenye ubao.

"Ndiyo, fundi," alijibu.

"Sasa."

Akasukuma.